Nichukue .303 ya mzee wa Kitale?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa Njoro. Nina cheti cha kumiliki silaha, na shemeji yangu aliye Namibia hunialika kule kuwinda kudu (tandala). Sasa mzee mmoja wa Kitale anauza bunduki ya Lee-Enfield No. 4 ya kipimo cha .303, ile ya jeshi iliyopunguzwa mbao ikawa ya kuwindia. Bei ni nafuu, na anaongeza darubini pamoja na kasha la risasi za zamani. Rafiki yangu ananiambia .303 haina nguvu, nisubiri ya .308. Nifanyeje?

JIBU: Njema, ndugu. Nianze na makaratasi, maana ndiyo yanayoponza watu. Usimlipe mzee hata shilingi kabla Bodi ya Leseni za Silaha haijakubali bunduki hiyo iingizwe kwenye cheti chako. Cheti cha Kenya hutaja bunduki yenyewe, namba yake, na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Ukisimamishwa njiani kutoka Kitale na silaha iliyoandikwa jina la mwingine, hutakuwa na la kusema. Na ikishafika Njoro, usiigeuze dawa ya ngiri wanaokula mahindi. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza uzi. Ngiri waachie KWS, shirika la wanyamapori.

Kuhusu nguvu, rafiki yako anakutisha bure. Namibia inataka risasi ya kudu itoke mtutuni na nguvu ya angalau juli 2,700. Risasi ya .303 yenye uzito wa greini 180 inapita 3,000. Ya .308 inazidi kidogo, lakini faida yake hasa ni kwamba risasi zake hupatikana kwa urahisi zaidi. Kudu mwenyewe hatajua alipigwa na ipi.

Kwangu mimi unanunua mtutu, mengine ni mapambo. Hakikisha kwanza chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kwa jicho kisha kwa kidole, halafu utoe bolti, kile chuma kinachofunga chemba, na umulike ndani kwa tochi. Ukiona pang'aavu usifurahi upesi. Kuna moja niliyoletewa hapa Nakuru iking'aa kama kijiko kipya, nusura niinunue mwenyewe. Nikapitisha kitambaa chenye dawa ya kutoa shaba inayoachwa na risasi: cha kwanza kikatoka cheusi, cha pili kijani, cha nne kikatoka na unga mwekundu. Chini ya uchafu ule kulikuwa na vishimo vya kutu kuanzia chemba hadi katikati. Uchafu ndio uliokuwa umeviziba, vikaonekana laini.

Vishimo hivyo huletwa na risasi za jeshi za zamani, kama zile za kwenye kasha la mzee. Baruti ya kwenye fataki zake, kile kitufe cha kitakoni kinachowasha risasi, ilikuwa na kemikali inayoacha chumvi mtutuni, chumvi ikavuta unyevu, na Kitale mvua si haba. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, maji huiyeyusha. Ndiyo maana askari wa Kiingereza walikuwa wakimimina maji ya moto ndani ya mtutu kabla ya kupaka mafuta. Muulize mzee alikuwa akisafishaje. Akikujibu "kwa mafuta tu, kila mara," kaza macho. Kasha lenyewe usilichukue. Risasi za jeshi zimefunikwa shaba mpaka nchani, hazipanuki mwilini, mnyama hutoboka akakimbia na kwenda kufa mbali. Mwambie mzee azipeleke polisi.

Baada ya mtutu, njoo kwenye bolti. Namba iliyo nyuma ya mkono wake ilingane na ya bunduki. Zikitofautiana, bolti hiyo ilizaliwa na bunduki nyingine. Kichwa cha bolti ya No. 4 kimegongwa tarakimu, 0 hadi 3, kwa kuwa kilitengenezwa kwa urefu tofauti ili kuziba nafasi kati ya bolti na risasi. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka na huweza kukatika likiwa chembani. Omba ganda lililopigwa na bunduki hiyohiyo. Kunja ncha ya waya mwembamba, iingize ndani, uiburute ukutani karibu na kitako cha ganda. Waya ukikwama kwenye kijimfereji, hapo ganda limeanza kuchanika. Si lazima uiache bunduki, maana kichwa cha namba ya juu huweza kuponya, ila fundi mwenye leseni aipime kwa geji kwanza.

Kwa kuwa ilipunguzwa, huenda mtutu nao ulikatwa. Tazama mdomo wake kwa kioo cha kukuzia: alama ya jino moja la msumeno ikibaki pale, risasi hupinda njia zikitoka. Hilo ni la kurekebishwa, si la kukukimbiza. Mbao iangalie ufa nyuma ya triga. Darubini ihesabu kuwa ya bure, hasa kama matundu ya skrubu yalitobolewa na fundi wa baiskeli.

Makaratasi yakishakamilika, ipige kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, mita 100, risasi tano. Zikienea upana wa mdomo wa kikombe cha chai, kudu inamtosha.

Siku ya kwenda Kitale beba tochi, vitambaa, dawa ya shaba na kipande cha waya. Mzee akikukataza kusafisha mtutu, maliza chai yake, mshukuru, urudi Njoro.