Mama mkwe kageuka mara tatu: maswali yenu kuhusu kamera, uhariri na sauti kwenye tamthilia

Nilipoomba maswali kuhusu tamthilia nilijua mtauliza nani anamuoa nani. Kumbe wengi mnatazama kwa jicho la fundi. Kwa mtu anayekula kwa kuhariri picha, hizo ni habari njema. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo kaka. Kwenye tamthilia za Kihindi, mama mkwe akisikia siri anageuka mara tatu na radi inapiga ndani ya nyumba. Kwa nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Yeye kageuka mara moja tu. Hizo mbili za ziada ni kazi ya mhariri. Kipande kilekile kinarudiwa, kila mara uso ukiwa umesogezwa karibu zaidi au rangi zikiwa zimegeuzwa, na kila mrudio una kishindo chake. Mtindo huu ulikomaa kwenye tamthilia za kila siku za kituo cha Star Plus miaka ya 2000, hasa zile za Balaji Telefilms, kampuni ya Ekta Kapoor. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza mwaka 2000 ikaenda hadi 2008, ikapita sehemu 1,800. Ukidaiwa sehemu mpya karibu kila jioni, uso ulioganda kwa sekunde 15 ni sekunde 15 ambazo hukuziandikia maneno wala kuzipangia taa.

Lakini ukisema ni kubana matumizi tu utakuwa umewaonea. Angalia kamera inakokwenda baada ya mama mkwe. Inapita kwa kila aliyesimama sebuleni: mume, wifi, shangazi, mpaka mtumishi aliyeshika sinia mlangoni. Kila mmoja anapewa uso wake na sauti yake. Kwenye nyumba ya ukoo, siri yenyewe si kitu; kitu ni nani alikuwa anaijua. Yule ambaye zamu yake ikifika radi haipigi, badala yake unasikia kile kimuziki chake cha hila, huyo ndiye mwenye mzigo. Umeshaambiwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Halafu kuna jikoni. Mimi naamini kabisa kwamba tamthilia hizi zimetengenezwa kwa mtu ambaye jioni mikono yake iko kazini. Jaribu siku moja: kaa na mbuzi yako ukune nazi, uipe televisheni mgongo. Utajua nani kaingia, nani mbaya, na wakati gani uinue kichwa. Kesho yake fanya kinyume, zima sauti ubaki na picha. Utaona watu waliovaa vizuri wakitazamana.

Waturuki nao wanatazamana mpaka chai inapoa. Si yaleyale? Na mbona zile zilizotiwa Kiswahili sauti zinasikika karibu mno? (Wasomaji wawili, Likoni na Kigamboni)

Si yaleyale. Mhindi anairudia sekunde, Mturuki anaivuta. Kwao tamthilia hurushwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja huweza kuzidi saa mbili. Mwishoni mwa 2010 watu wa fani huko waliingia barabarani kulalamikia urefu huo. Muda wote huo haujazwi kwa maneno, kwa hiyo unajazwa kwa macho. Kamera inasogea polepole kiasi kwamba huoni inasogea, nyuzi za muziki zinaanza kabla mtu hajainua uso, na wewe unapewa nafasi ya kumsemea mhusika yale asiyoyasema. Nikiri kwamba mara nyingi inafanya kazi, hasa pale wawili wanapokatazwa hata kusogeleana.

Zikiuzwa nje, sehemu hizo ndefu hukatwakatwa kuwa fupi. Ile tuliyoizoea kwa jina la Sultan kupitia Azam, kwao Muhteşem Yüzyıl ya 2011 hadi 2014, ni mfano mmojawapo. Kwa hiyo pale mlipoachwa roho juu usiku si lazima pawe mahali ambapo mwandishi alitaka muachwe. Kuna mtu kwenye chumba cha uhariri ametafuta uso wa kutisha ulio karibu na dakika ya 45, akakata hapo.

Kuhusu sauti: tamthilia inapouzwa nje huambatana na mkanda wa sauti usio na mazungumzo, umebaki na muziki, nyayo, milango na kwato za farasi. Waigizaji wa sauti wa kwetu wanarekodi juu yake, kwenye kichumba kilichozibwa mwangwi. Fundi asipourudisha mwangwi wa ukumbi wa mawe, sultani aliyesimama hatua ishirini kutoka kwako anasikika kama anakunong'oneza sikioni. Hapo cheo kimeshuka, ingawa taji liko palepale. Mtawala ambaye kuta zinamrudishia neno lake anaogopesha zaidi, na hilo halitokani na koo la mwigizaji wa sauti wa Kiswahili hata kidogo. Mkimlaumu yeye mnamwonea.

Mume wangu anasema waigizaji hawafanyi lolote, kamera ndiyo inayoigiza. Nimjibu nini? (Msomaji, Morogoro)

Mwambie kapatia nusu. Yapata miaka mia moja iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha chochote, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu jamaa kwa njaa yake, huzuni yake na tamaa yake. Uso ulikuwa uleule. Filamu yenyewe haipo tena. Tunaijua kwa masimulizi ya Kuleshov na ya mwanafunzi wake Pudovkin, ambayo nayo hayalingani kila mahali. Ila jambo lenyewe kila mhariri analishika kwa mikono yake kila siku. Mke ameinama anasoma simu. Nikifuatisha ujumbe wa mkopo uliopitiliza, amechoka. Nikifuatisha picha ya mumewe harusini kwa watu, amevunjika. Yeye siku ile alikuwa anaangalia skrini iliyozimwa.

Nusu anayoikosa mume wako ni hii: kuna nyuso hazipokei kitu. Mwigizaji akishakodoa macho, akashika kifua na kupepesuka, ameshanijibia swali kabla sijaliuliza. Nikiweka supu au jeneza, jibu ni lilelile. Wengi wetu tumelelewa na uigizaji wa jukwaani, wa kumfikia aliyekaa nyuma kabisa. Kamera haiko nyuma kabisa. Mwigizaji anayejua kutulia ndiye anayenipa kazi ya kufanya, na kutulia kwenyewe ni ufundi mgumu.

Kuna tamthilia moja ya nyumbani, mtu anaongea na mkewe mezani lakini kama anaongea na ukuta. Kosa liko wapi? (Msomaji, Dodoma)

Kamera imevuka mstari. Mume kakaa kushoto, mke kulia. Chora mstari upite kwenye vichwa vyao. Kamera ikibaki upande mmoja wa mstari huo, mume ataangalia kulia siku zote na mke kushoto, na hata ukiwaonyesha mmoja mmoja tutajua wanatazamana. Ukihamia upande wa pili kumpiga picha mume peke yake, naye ataangalia kushoto. Sasa wote wawili wanaangalia upande mmoja kama abiria wa daladala.

Mara nyingi chanzo ni sebule. Kochi limegusa ukuta, dirisha linaingiza mwanga mkali, soketi iko pembeni, basi kamera inawekwa palipobaki nafasi. Hamisheni kochi. Wapo waongozaji wanaouvuka mstari makusudi, ndoa inapopinduka au mtu anapochanganyikiwa, na hapo kule kupotea kwako ndiyo maana yenyewe. Lakini ukivuka kila dakika, siku ukiwa na sababu hakuna atakayehisi.

Mwalimu katuambia tukariri: kamera ikiwa chini mhusika ana nguvu, ikiwa juu ni mnyonge. Ni kweli? (Mwanafunzi, Eldoret)

Ikariri kwa ajili ya mtihani, halafu itilie shaka. Kwenye tamthilia ya Marekani ya Breaking Bad kamera huwekwa chini kabisa, ndani ya pipa au shimo, ikimtazama mtu anayechungulia. Anaonekana mkubwa, lakini humwogopi. Unajiuliza anaficha nini humo. Na mtu aliyepigwa picha kutoka chini ndani ya chumba chenye dari fupi huonekana amebanwa. Uliza kwanza nani anatazama kutoka pale kamera ilipo.

Nimetazama Adolescence ya Netflix, kila sehemu haina mkato hata mmoja. Ina maana uhariri umepitwa na wakati? (Msomaji, Leicester)

Uhariri upo, umehamia kwenye miguu ya mpiga picha. Tamthilia hiyo ya Uingereza, iliyotoka Machi 2025 ikiongozwa na Philip Barantini, ina sehemu nne, na kila moja imepigwa kwa mkupuo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale ambapo mimi ningekata, kamera inamwacha huyu inamfuata yule anayepita mlangoni. Uamuzi ni uleule, ila unafanywa papo hapo, na ukikosewa mnaanza upya.

Tazama sehemu ya tatu, kijana anayetuhumiwa kuua na mwanasaikolojia wake chumbani. Kamera inawazunguka pole pole. Kuna nyakati unamsikia anayeongea na unamwona anayesikiliza, na huwezi kumwomba mtu akugeuzie upande. Kijana anapolipuka, tamthilia ya kawaida ingekukimbizia nje, dirishani, kwa polisi wa zamu, upate pumzi. Hapa unabaki na yule mwanasaikolojia mpaka yeye mwenyewe atoke, ndipo nawe unatoka.

Mwisho wa sehemu ya pili ndio ulionishika zaidi. Kamera inafungwa kwenye droni ikiwa bado inarekodi, inapaa kutoka shuleni, inapita juu ya mapaa hadi mahali msichana alipouawa, baba wa mtuhumiwa akiwa analeta maua. Juu ya picha hiyo inasikika kwaya ya watoto. Kwetu droni imekuwa pambo la harusi na la kuonyesha kwamba bajeti ipo. Pale imefanya kazi ya mkato, kuunganisha shule na kifo, lakini imekunyima ile nafuu ya mkato ya kukurusha mara moja. Umbali wote unauona.

Hata hivyo sitaki kila mtu aige. Maongezi ya kawaida ya familia yakipigwa kwa mkupuo mmoja huwa ni watu wanaotembea vyumbani bila sababu ili kamera ipate pa kwenda.

Wasimuliaji wanaoongea juu ya filamu za kigeni, kama DJ Afro, wanaharibu filamu? (Msomaji, Nakuru)

Wanatengeneza nyingine. Sauti ya asili imepunguzwa, mtu wa juu anacheka kabla ya ngumi kutua, na jambazi aliyekuwa wa kutisha anageuka kichekesho. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Uganda wana wasimuliaji wao wanaoitwa maveejay. Picha haijaguswa hata fremu moja, na bado watoto wa mtaa mzima wanaikumbuka hadithi tofauti na iliyoandikwa. Ukitaka ushahidi kwamba sauti inaitawala picha, ndio huo.

Tamthilia zetu nyingi muziki haunyamazi, mpaka mtu anakunywa maji kuna piano. Kwa nini? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu muziki ni blanketi. Tunapiga picha kwenye nyumba za watu, si studio. Kipande cha kwanza kina jogoo, cha pili kina bodaboda, cha tatu jenereta la jirani, na vyote vinatakiwa vionekane ni dakika moja ya mazungumzo. Kila unapokata, hewa inabadilika na sikio linashtuka. Mhariri anatandika piano juu yake, mambo yanakwenda. Nawaelewa mno wanaofanya hivyo, maana muda wenyewe haupo.

Hasara yake ni kwamba huna tena cha kunyamazisha. Kwenye tamthilia ya 24 ya Marekani, ile saa ya kwenye skrini ilikuwa inapiga kila wanapokwenda mapumziko. Mwisho wa msimu wa kwanza, mwaka 2002, mke wa mhusika mkuu, Jack Bauer, anauawa, na saa inahesabu bila mlio. Hakuna kingine kilichoongezwa. The Wire, iliyorushwa na HBO kati ya 2002 na 2008, ilikwenda mbali zaidi: ukiacha ufunguzi na vipande vya kufunga msimu, muziki karibu wote unatoka mahali unapoweza kupaona au kupakisia, redio ya gari, baa, dirisha la jirani. Hivyo mtu anapotishiwa uchochoroni hakuna nyuzi za kukuambia atapona au hatapona. Unabaki na honi za mbali na pumzi zake.

Dawa ya bei rahisi ipo. Zima feni na friji kabla hujaanza, si katikati ya mazungumzo. Maiki iwe karibu na kinywa kadiri picha inavyoruhusu, kwani maiki ya bei ndogo iliyo karibu inaishinda ya bei kubwa iliyo mbali. Mkimaliza mahali, waigizaji wasivue nguo kwanza. Wote wanyamaze nusu dakika na urekodi chumba kikiwa hakina anayeongea. Ukimya huo una mlio wake, na ukiutandika chini ya vipande vyako vyote, viungo havisikiki, kwa hiyo piano inaweza kusubiri mpaka ihitajike. Jogoo ndiye sina dawa yake. Msubirini amalize.