Mama wa omena ni mzuri mno, hapo ndio shida

Dadangu, umeuliza mbona mhusika wa hadithi yako, yule mama anauza omena (dagaa) soko la Kibuye, Kisumu, anakaa kama picha ya kalenda. Nimesoma hizo kurasa, ni mpole, anaomba, anasomesha watoto, basi. Hakuna kitu anataka!

Mpe kitu anakitaka sana na kitu anaficha. Mfano ana deni la chama cha akiba, magugu maji yamefunga ziwa wiki mbili maboti hayatoki, omena imepanda bei, sasa Jumapili soko limejaa na yeye anapimia watu na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, amebonyeza chini kidogo ndio ibebe kidogo, halafu jioni huyo huyo anampa mtoto wa jirani omena ya bure. Hapo sasa nitamfuata mpaka mwisho.

Na usiniambie ni mkali, wacha nimsikie akijibu mteja anayepunguza bei. Kaa Kibuye saa moja usikilize tu, lakini usichukue mtu mzima mzima umwandike, changanya watatu, utajiokolea kesi na mashangazi.

Rangi ya leso weka tu kama ina kazi. Jina pia, si lazima Akinyi kila hadithi jameni.