Kizunguzungu na vidonge vya mitishamba

SWALI: Shikamoo dokta. Mi mama wa miaka 54 nipo Mbagala, natumia dawa za presha. Siku hizi asubuhi nikisimama tu nyumba inazunguka mpaka nishike ukuta, dada mmoja Kariakoo kaniuzia vidonge vya kitunguu saumu na unga wa mlonge eti vinasafisha damu ila naona ndo kinazidi. Niache zile za hospitali?

JIBU: Marahaba mama. Za hospitali usiache, simamisha kwanza hivyo vya Kariakoo. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kushusha presha, sasa ukijumlisha na dawa yako inashuka kupita kiasi hasa ukisimama ghafla, damu inachelewa kufika kichwani ndo unaona nyumba inazunguka. Juisi ya rozela nayo inashusha, kama unakunywa kila siku sema. (Hiyo kusafisha damu ni maneno ya biashara tu, kazi hiyo wanafanya figo na ini.) Nenda kliniki na makopo yote mkononi, waombe wakupime presha umelala halafu umesimama, wacheki na sukari na wingi wa damu. Kama kinakuja ukigeuka kitandani kisha kinaisha chini ya dakika, hilo linaweza kuwa sikio la ndani wala si presha. Asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu ndo uinuke. Ila mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito, waambie wakuitie bajaji muende hospitali saa hiyohiyo.