Kwa nini mafuta hayawi rahisi zaidi Mombasa ilhali meli hushukia hapa hapa

Ndugu yetu ameuliza kwa nini sisi wa Mombasa, tunaoziona meli za mafuta zikifunga kwenye gati ya Kipevu, tunalipa shilingi tatu hivi tu chini ya wenzetu wa Nairobi kwa lita. Nimesimamia kituo cha mafuta upande wa Changamwe kwa miaka kadhaa, kwa hivyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Tangu Disemba 2010 serikali hutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji, na siku hizi kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliyorithi tume ya awali kwa Sheria ya Kawi ya 2019. Gharama ya kuagiza mafuta ng'ambo na ushuru, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, humwangukia sawa mtu wa Likoni na wa Kisumu. Kinachotofautiana hasa ni usafiri. Bomba la kwenda Nairobi, la kilomita 450 hivi, ni la kampuni moja isiyo na mshindani, na ndiyo maana haiwezi kujipandishia ada bila idhini ya EPRA. Ada hiyo ikiachiliwa, pengo litapanuka, lakini kwa kuwaumiza wa bara. Sisi hatutapunguziwa hata senti.

Udhibiti wenyewe nimeuonja usiku wa tarehe 14, bei mpya zinapotangazwa ili zianze saa sita. Ili nijue mafuta yaliyobaki, mimi huteremsha fimbo ya kupimia ndani ya tangi, ncha yake imepakwa dawa ya kugundua maji, kisha husoma alama kwa tochi kabla petroli haijakauka. Mwezi mmoja nilikuta lita 12,000 zilizonunuliwa kwa bei ya zamani, na bei ikashuka kwa shilingi tano: shilingi 60,000 zikapotea kabla ya alfajiri. Bei ikitarajiwa kupanda, wapo wenye vituo (nasema nikijua nitachukiwa) ambao hudai tarehe 13 kwamba mafuta yamekwisha.

Ukitozwa zaidi ya bei iliyotangazwa, dai risiti, ulalamike kwanza kituoni, kisha uiandikie EPRA. Mteja mmoja wa tuktuk alinirudia saa sita na dakika kumi usiku akiwa na risiti yake, kwa sababu pampu moja tulikuwa bado hatujaibadilisha bei. Nilimrudishia pesa zake, nikaifunga pampu ile mpaka ikarekebishwa.