Amplifaya ya zamani inakufaa? Inategemea unasikiliza nini

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, "Kaka shikamoo, kuna jamaa anauza amplifaya ya miaka ya 70, nichukue au nikanunue sabufa mpya? Bado inaweza kushindana na vitu vya sasa?" Nikaanza kumjibu, meseji ikawa ndefu, nikaona bora niilete hapa maana najua wengi humu mnazitamani.

Mimi natumia NAD 3020. Baba mdogo alirudi nayo kutoka Uingereza, ndo maana sikuhangaika na umeme, kule volti zao kama zetu na plagi ni ileile ya pini tatu. Modeli yenyewe ilitoka 1978 na imeandikwa wati 20 tu kila upande. Ishirini! Mtu akisikia hivo anacheka kwa sababu boksi la sabufa yake limeandikwa wati elfu na kitu PMPO, yaani wati za kufumba na kufumbua, namba ambayo haina kichwa wala miguu. Marekani mwaka 1974 waliweka sheria kwamba kampuni ikitangaza wati iwe imezipima amplifaya ikifanya kazi mfululizo, na ndo maana wati za mashine nyingi za enzi zile ni za kweli. Halafu ukitoka wati 20 kwenda 40 sikio linaona tofauti ndogo tu, muulize fundi yeyote anayejua kazi yake.

Sasa sauti. Rumba la zamani, dansi, taarabu, mtu anaimba na gitaa lake, aisee hapo sina malalamiko, unamsikia mpiga besi anavyovuta uzi. Sebuleni kwangu inatosha na inabaki. Ila amapiano ni habari nyingine. Kwenye kipaimara cha binti yangu nilitoka nje kupokea wageni, shemeji yangu akaona muziki uko chini akazungusha volyumu mpaka kule, akaongeza na besi. Amplifaya ndogo ukiilazimisha inafika mwisho, sauti inaanza kukwaruza, na mkwaruzo ule ndo unaua twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Nilivyorudi ndani twita zote mbili zimeungua. Nyuma kuna swichi ya soft clipping ya kupunguza ukali wa mkwaruzo, lakini nayo haifanyi miujiza. Mpaka leo hajasema pole, na wali alikula.

Kuna kitu kingine kinawachanganya watu, unaigusa volyumu kidogo tu inalia sana, wanasema "hii mashine ina nguvu!" Hapana. Matundu ya nyuma yalitengenezwa kwa deki na redio za enzi zile zenye mawimbi madogo, kama volti 0.15 hivi inatosha kuifikisha mwisho, wakati CD pleya inatoa karibu volti 2. Ukichomeka simu au kidude cha Bluetooth, punguza sauti huko kwenye simu kwanza ndo utapata nafasi ya kuzungusha. Na usisubiri rimoti wala tundu la HDMI la tivii, utanyanyuka kwenye kochi kama sisi wengine.

Ukweli mwingine ambao wauzaji hawausemi ni kwamba vile viamplifaya vidogo vya kisasa vya bei rahisi vingi vikipimwa kwa mita vinatoa sauti safi kuliko hii yangu. Naipenda hivohivo, ila nisikudanganye.

Na ugonjwa wa uzee upo. Kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme humo ndani, zinakauka, swichi zinashika kutu, upande mmoja unapotea. Yangu ilipoteza upande mmoja, nikaipeleka kwa fundi mmoja akaniambia transista zimekufa zote, akataja bei ambayo hata sabufa mpya ningepata na chenji. Nikarudi nayo nyumbani. NAD hizi nyuma zina vyuma viwili vimekunjwa kama herufi U, vinaunganisha priamplifaya (sehemu ya kuchagua na kurekebisha sauti) na pawa (sehemu ya kusukuma spika), nikavichomoa, vyeusi tii, nikavisugua kwa kitambaa na spiriti, nikarudisha. Upande ukarudi palepale! Jamani jifunzeni vitu vyenu kabla hamjavipeleka kwa watu, mtaibiwa mchana kweupe, vijana wa siku hizi mnataka kila kitu ufanyiwe.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda na mita ya kupimia umeme. Kabla hujafunga spika pima DC, yaani umeme kama wa betri ambao haupaswi kufika kwenye spika, kwenye matundu ya spika, ikizidi milivolti 50 ujue kuna kazi, ikiwa ni volti nzima iache hapohapo. Angalia nyuma imeandikwa volti ngapi, kama ni ya soko la Japani ni volti 100, ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma umeiunguza. Zungusha kila kitufe usikie kama inakwaruza. Na akikwambia kwa majivuno haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, mwambie akate hela ya kapasita na fundi kwenye bei yake, akikataa mwachie.