Kuhamisha gemu kwenda SSD bila kuipakua upya

Mkuu, umesema umefunga SSD mpya (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka), gemu yako ya GB 80 iko kwenye diski ya zamani, na intaneti yako haikuruhusu kuipakua upya. Unauliza kama kukata folda na kuibandika kwenye SSD kunatosha.

Hakutoshi, ila kuipakua upya nako si lazima. Nimehamisha gemu nyingi, zangu na za wenzangu, na karibu kila mara nilipomkuta mtu amekwama, sababu ilikuwa ileile: amebeba mafaili akaacha kumbukumbu. Gemu ikishasakinishwa inakaa sehemu tatu. Kuna mafaili yenyewe, ndiyo hizo GB 80. Kuna kumbukumbu ya lancha, yaani ile programu unayofungulia gemu, inayosema gemu iko wapi na ni toleo gani. Halafu kuna sevu zako, yaani hatua ulizofikia kwenye gemu zilizohifadhiwa, ambazo mara nyingi haziko kwenye folda ya gemu kabisa, ziko Documents, Saved Games au ndani ya AppData, folda ya Windows iliyofichwa.

Anza na sevu. Zitafute, zinakili kwenye flashi au popote palipo salama, hata kama unaamini ziko mtandaoni. Baadhi ya gemu za zamani huziweka ndani ya folda ileile ya gemu, na ukiifuta zimekwenda nazo. Mafaili ya gemu utayapata tena siku yoyote, lakini sevu ya miezi hakuna atakayekurudishia.

Kama lancha yako ni Steam, kazi ni nyepesi. Ingia Settings, kisha Storage, ongeza SSD kama sehemu ya pili ya kuhifadhia gemu. Rudi kwenye diski ya zamani hapohapo, weka tiki kwenye gemu, bonyeza Move, chagua SSD, uache ifanye kazi. Inahamisha mafaili pamoja na kumbukumbu yake, ambayo ni kifaili kidogo ndani ya steamapps chenye jina linaloanzia na appmanifest. Gemu yenyewe imo steamapps\common. Ndiyo maana ukiburuta folda ya gemu peke yake, Steam inaendelea kuitafuta kulekule kwa zamani. Na kama umeshaiburuta, usifute kitu: hakikisha folda imekaa ndani ya steamapps\common ya SSD na jina lake halijabadilika, iondoe gemu kwenye orodha ya zilizosakinishwa, halafu bonyeza Install ukichagua SSD. Steam itayakuta mafaili, itayakagua, na itapakua yaliyopungua tu.

Lancha za GOG Galaxy na Battle.net ni rahisi pia: unanakili folda, kisha unaionyesha lancha ilipo. Galaxy ina sehemu ya kuingiza folda iliyopo, na Battle.net inakuuliza gemu iko wapi.

Lancha isiyo na kitufe cha kuhamisha ndiyo inayohitaji subira. Njia ninayoitumia ni hii. Nakili folda nzima ya gemu mahali pengine, au ibadilishe jina ili lancha isiiguse. Ondoa gemu kwenye lancha. Anza kuisakinisha upya, safari hii ukichagua SSD. Ikishaanza kupakua na folda mpya imetokea, simamisha na ufunge lancha kabisa, pamoja na ile alama yake ndogo pembeni mwa saa. Sasa mimina mafaili ya zamani ndani ya folda mpya, ukikubali yachukue nafasi ya yaliyomo. Fungua lancha, endelea na upakuaji. Itaanza kukagua, na asilimia zitapanda bila kula intaneti. Usifute nakala ya zamani mpaka gemu imefunguka na umeiona sevu yako.

Ipo njia nyingine ambayo naipenda kwa gemu zisizo na lancha kabisa. Hamisha folda kwenda SSD, kisha kwenye Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika:

mklink /J "D:\Gemu\Jina" "E:\Gemu\Jina"

Anwani ya kwanza ni ya zamani, ambapo folda isiwepo tena, na ya pili ni mahali gemu ilipo sasa. Windows inaweka kiungo pale pa zamani, na gemu inaendelea kuamini haijahama. Ukiandika kwenye PowerShell haitakubali jinsi ilivyo, kwa hiyo tumia Command Prompt.

Kabla ya yote hayo, iangalie SSD yenyewe. Kama haionekani kwenye Windows, fungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kupangia diski, ianzishe kwa mpangilio wa GPT na uipe mfumo wa mafaili wa NTFS. Diski yenye FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani, haipokei faili linalofika GB 4, na gemu za leo zina mafaili makubwa kuliko hapo. Usiijaze mpaka mwisho pia, kwa sababu masasisho yanahitaji nafasi ya kufanyia kazi.

Muda wa kunakili unaamuliwa na diski ya zamani. Ikisoma MB 100 kwa sekunde, GB 80 ni kama dakika 14, na mafaili madogomadogo yakiwa mengi itazidi. Ukiona kasi imeanza juu kisha ikashuka, usikatishe. SSD nyingi za bei nafuu hupokea haraka mwanzoni, halafu hupunguza mwendo sehemu yao ya kasi inapojaa. Kama SSD yako ni ya nje, ichomeke kwenye USB 3, maana USB 2 itaipunguzia kasi sana.

Kuhusu faida utakayoiona: ramani zitafunguka haraka zaidi, na kwenye gemu zenye dunia kubwa ile mikwamo ya ghafla unapokimbia itapungua. Diski ya kuzunguka inachukua takribani milisekunde 10 kulifikia kila kipande cha data kilichotawanyika, SSD inachukua chini ya 0.1. Tofauti kubwa iko hapo. Kutoka SSD ya SATA, inayosoma hadi kama MB 550 kwa sekunde, kwenda NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ya MB 3,500, gemu nyingi hazifunguki mara sita haraka zaidi, kwa kuwa prosesa nayo ina kazi ya kufungua data iliyobanwa. FPS zako, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zitabaki karibu palepale, hizo ni za kadi ya picha na prosesa.

Ukikwama, andika jina la lancha na mahali folda ilipo sasa, nitakuelekeza kuanzia hapo.