Someni kuta kwanza

Swali lenu la wiki lilikuwa: mtalii akiingia kasri la wafalme wa kale, ni kitu gani asikubali kukikosa? Najua wengi watataja kiti cha enzi na mataji. Mimi nataja maandishi ya ukutani, na aliyenifundisha hivyo ni Alhambra, ngome yenye makasri ya wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri, kule Granada, Hispania.

Tikiti ya kuingia makasri hayo ina saa yake. Una nusu saa ya kuingia. Ikipita, basi tena. Lakini ukishavuka mlango hakuna anayekuharakisha, na hapo ndipo tunapojidhulumu wenyewe: simu juu, picha, twende chumba kingine. Nilikwenda mbio hivyo hivyo hadi nilipojibanza pembeni kupisha kundi la watu, uso wangu ukawa shubiri mbili tu kutoka ukutani. Kumbe yale niliyodhani ni maua yalikuwa herufi. *Wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nikainua macho: juu ya tao, maneno yale yale yako. Kuzunguka dirisha, yako. Ndiyo kaulimbiu ya ukoo ule, ukoo ambao mfalme wake wa mwisho, Boabdil, aliukabidhi mji kwa adui zake Januari 2, 1492.

Kuanzia pale tulipunguza mwendo. Mke wangu anasoma Kiarabu vizuri, basi akawa anasoma, mimi nauliza.

Ukumbi wa Mabalozi ndio ulionishika zaidi. Sultani alikuwa akikaa katikati ya ukuta wa kaskazini, dirisha nyuma yake, wageni wakimwona kama kivuli chenye mwanga pembeni. Kiti hakipo. Dari ipo, vipande vya mbao zaidi ya 8,000 vilivyounganishwa kuwa mbingu saba, na chini yake imezungushwa Surat al-Mulk, ile sura ya Kurani inayoanza kwa kumtukuza ambaye mkononi mwake umo ufalme wote. Yaani mfalme alipokea mabalozi huku maneno hayo yakiwa juu ya kichwa chake! Ukipiga picha ukaondoka, unabaki na dari nzuri tu.

Vyumba vingine vya pale sitavieleza, vina uzuri wake. Ila msipite Ua wa Simba bila kusogelea birika linalobebwa na simba 12 wa marumaru. Ukingoni pamechongwa beti za Ibn Zamrak, mshairi wa karne ya 14, anayesema maji na marumaru vimefanana hata hujui kipi kinachotiririka. Kwa hiyo, kabla ya safari, tafuteni tafsiri ya maandishi hayo mwende nayo mfukoni.

Mke wangu alizisoma beti zile kwa sauti ya chini, kidole chake kikifuata mistari kwa mbali. Wageni wawili tusiowajua wakasogea, wakaweka simu zao chini, wakawa wanafuata kile kidole.